Walachuma Ndani ya Majalada ya Mahakama

Panya ndio walioanza. Walitafuna pembe ya juzuu moja ya sheria katika maktaba ya mahakama, wakaonja gundi ya wanga iliyokuwamo, wakaitana, wakahamia kwenye juzuu nyingine. Ndivyo juzuu zile nzito zilivyofika kwenye karakana ya kujalidi vitabu zikiwa zimefungwa kamba kama washtakiwa, pamoja na agizo fupi la mkutubi wa mahakama: zenye majalada mabovu zivalishwe mapya, zilizo nzima zifutwe vumbi na zisiguswe zaidi ya hapo. Zingefuatwa Ijumaa jioni.

Aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa mwanamke ambaye tangu utotoni kwao walimwita Kimya, na hata karakanani jina likamfuata bila mtu kulialika. Hakuwa na kiburi wala hakuwa mgonjwa. Maneno yake yalikuwa tu na haya kama yeye mwenyewe. Yalitaka kusubiriwa, na watu wengi wana haraka zao.

Jumatano asubuhi alichukua juzuu ya kwanza, akapitisha kisu kwenye mkunjo wa mgongo, akalitenga jalada na mwili wa kitabu. Lilikuwa jalada la enzi ambayo kadibodi ilikuwa haipatikani, na mafundi walijitengenezea wenyewe. Walichukua karatasi zilizokataliwa na viwanda vya uchapaji, wakazipaka gundi, wakazibandika moja juu ya nyingine mpaka zikawa ngumu kama ubao. Kimya alikuwa amekwisha kuona mengi ndani ya majalada ya namna hiyo: kalenda, matangazo ya sabuni, ramani ya nchi iliyopakwa rangi nje ya mipaka yake.

Kwenye pembe iliyotafunwa na panya palikuwa na jicho.

Jicho la rangi ya chungwa, lisilo na kope, lenye duara ndani ya duara kama kitunguu kilichokatwa. Kimya alikiweka kisu chini taratibu. Moyo ulianza kumdunda kabla kichwa hakijapata sababu. Alilijua jicho lile kuliko alivyoyajua macho ya mjomba wake.

“Mzee,” aliita.

Mwenye karakana aligeuka kutoka kwenye mashine ya kubania vitabu. Watu walimwita Mzee Kibano, kwa ajili ya mashine hiyo na kwa ajili ya mkono wake, ambao haukuwa mwepesi wa kuachia kitu. “Nini tena? Usiniambie kadibodi imekwisha.”

“Naomba karai.”

Alichota maji ya vuguvugu, akaulaza ubao ule wa karatasi ndani yake, akakaa mbele yake mikono magotini. Gundi ya wanga haina ubishi, ukiipa maji na subira hujiachia yenyewe. Tabaka la kwanza likaanza kuinuka pembeni. Akaingiza ule mfupa bapa wa kukunjia karatasi, akausukuma pole pole, na karatasi ikatoka nzima, inachuruzika. Kurasa nne zilikuwa zimepangwa sambamba upande mmoja na nne upande wa pili. Na kwenye ukurasa mmoja, kwa herufi zilizochorwa kama mishono, palikuwa pameandikwa: Sindano ya Mwisho.

Hadithi hiyo ya picha ilikuwa ikitoka kila mwisho wa mwezi, kwenye karatasi mbovu, rangi mbili tu, nyeusi na ya chungwa. Walachuma, viumbe wenye macho yale ya chungwa, walishuka kutoka angani bila bunduki wala moto. Walishuka na njaa. Walikula magari, reli, madaraja, sufuria na funguo. Wakala misumari, na nyumba zikakaa chini kama watu waliochoka. Katika dunia iliyobaki watu walifunga kuta kwa kamba na kukata nyama kwa vigae. Kinyozi, mtu mnene asiye na wembe, alizunguka na ndevu zilizofika magotini akiwaomba radhi wateja wake wa zamani. Na palikuwa na Uzi, binti mshonaji asiye na cherehani, aliyeficha katika nywele zake sindano moja, kitu cha mwisho cha chuma duniani.

Kimya na kaka yake waliisoma wakiwa wamelala kifudifudi sakafuni, vichwa vikigusana. Kaka alikuwa akiigiza sauti zote. Toleo la mwisho walilopata kulinunua liliishia Uzi akiwa amesimama chini ya chombo cha Walachuma, ngazi imeshuka, sindano iko kiganjani. Hapo hapo mambo yakakatika. Kiwanda kilikuwa kimefungwa. Wale wawili walirudi kwa mwenye kibanda cha magazeti mara nyingi mno, hata akawa akiwaona kwa mbali anatikisa kichwa.

Tangu hapo wakabishana. Kaka alishikilia kwamba Uzi angemchoma jicho mkuu wa Walachuma. Kimya alishikilia kwamba Uzi angewapa sindano, wakaona aibu. Walibishana kitandani, walibishana wakiosha vyombo, na yule mtoto asiyesema na mtu alikuwa akisema mpaka koo linakauka. Kisha wakakua. Kaka akawa fundi wa majokofu, akaoa, akapata watoto, na mazungumzo yao yakasinyaa kama nguo iliyofuliwa vibaya. Hujambo. Sijambo. Watoto? Wazima. Haya, tutaongea.

Na sasa Kaka alikuwa anaondoka. Amepata kazi kwenye maghala ya baridi katika nchi ya mbali, mkataba wa miaka, ndege ya Jumamosi asubuhi. Wiki nzima Kimya alikuwa akitafuta la kumwambia asilipate. Sasa alilishika mkononi, limelowa, linanuka wanga. Toleo ambalo halikupata kuuzwa, lililochapwa na kutupwa bila hata kukunjwa. Akataka kitu kimoja tu: kabla ya Jumamosi walale tena sakafuni, yeye na kaka yake, waisome mpaka mwisho.

Kwa furaha yake akafanya jambo ambalo fundi jalada peke yake angeweza kulifanya. Aliipiga picha karatasi ile upande wa kwanza, akaigeuza, akaipiga upande wa pili, akamtumia Kaka bila neno hata moja la maelezo. Akaanika karatasi kwenye kamba, akarudi kuvunja majalada mengine mabovu, huku akiimba chini chini wimbo usio na maneno.

Majalada yale mengine yakamvunja nguvu. Tabaka baada ya tabaka, karatasi ni ile ile. Gombo zima la uchapaji, karatasi kubwa kabla haijakunjwa, lilikuwa na kurasa kumi na sita, lakini fundi wa zamani alikuwa amelikata nusu ili litoshe kwenye jalada, na nusu zote alizozipata Kimya zilikuwa za chini: kurasa nne za mwanzo na nne za mwisho. Tumbo lote la hadithi halikuwamo.

Simu ikalia.

“Kimya,” Kaka alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa chini. “Umeipata wapi?”

“Ndani ya sheria.”

“Ndani ya nini? Basi, haidhuru.” Akakohoa. “Yaani ndiyo hivyo. Amekufa.”

“Nani?”

“Uzi, nani mwingine? Unanitania? Nimeisoma hapa nikiwa nimeshika bomba la gesi, mteja ananiuliza kama jokofu lake ndilo linaloniliza. Miaka yote hii kichwani mwangu yule binti bado alikuwa amesimama chini ya ngazi. Sasa naondoka, na umenizikia mtu.”

Kimya akafungua kinywa. Aliyaona mwenyewe macho ya Uzi yakifunguka kwenye picha. Lakini maneno yakaanza kusukumana mlangoni, na Kaka hakuwa na nafasi ya kungoja.

“Njoo Ijumaa jioni tuagane,” alisema kwa upole. “Shemeji yako mwenyewe anapanga mizigo… wifi yako, nasema, hata sijui nasema nini. Ila hizo karatasi ziache huko huko. Sitaki kuziona.”

Kimya alibaki ameshika simu. Mzee Kibano, aliyekuwa amesikia yote kwa sababu karakana ilikuwa ndogo na masikio yake makubwa, alisogea akifuta mikono. “Amekufa kweli?”

“Hajafa, Mzee.”

“Hebu nione ulichomtumia.”

Akaitazama picha kwenye simu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. “Mwanangu, umemtumia gombo halijakunjwa.”

Kimya aliitazama tena picha, safari hii si kwa macho yake bali kwa macho ya fundi majokofu, anayesoma kutoka kushoto kwenda kulia kama watu wote duniani. Kwenye karatasi isiyokunjwa kurasa hazifuatani. Ya kumi na tano hukaa kabla ya kumi na nne, na ya tatu huja nyuma yao. Zikikunjwa ndipo kila moja hurudi mahali pake. Mchoraji hakuwahi kuweka namba za kurasa. Kaka alikuwa amemwona Uzi akitabasamu, kisha akamwona amelazwa mkekani watu wanamlilia, kisha akamwona Kinyozi ameketi juu ya paa peke yake, anatazama mbingu. Kumbe Kinyozi alikuwa anamngoja ashuke, na watu waliokuwa wanalia walikuwa wamelia bure, na lile tabasamu lilikuwa la mtu aliyeamka.

“Umekaa na makaratasi mpaka umesahau watu wanavyosoma,” Mzee Kibano alisema, akifuta machozi ya kicheko. “Mpigie.”

Akampigia. “Kaka, ile ya pili ndiyo ya kumi na tano. Yaani inayofuata iko nyuma ya ile. Ukikunja…”

“Nikunje simu?”

“Hapana. Anaamka, Kaka. Kwanza wanalia, halafu anaamka.”

Kaka akacheka, cheko la kumsamehe mtoto. “Wewe tangu zamani ukiona mtu ana huzuni unaibadilisha hadithi. Unakumbuka ulivyosema mbwa wa jirani ameenda kusoma? Asante, mdogo wangu. Kweli asante. Acha nimalize kazi.”

Akakata.

Hapo Kimya akaelewa kwamba maelezo hayatasaidia. Kaka angeamini kitu kimoja tu: kijitabu kizima mkononi, ukurasa juu ya ukurasa, tumbo likiwa limerudi mahali pake. Na tumbo hilo, kama lilikuwapo popote, lilikuwa ndani ya juzuu ambazo hakuruhusiwa kuzigusa.

“Wewe ungekuwa yule fundi wa zamani,” Mzee Kibano alisema, ingawa hakuna aliyemwuliza, “ungekata gombo moja moja?”

“Ningekata rundo zima kwa pigo moja.”

“Unabaki na marundo mangapi?”

“Mawili. La nusu za chini na la nusu za juu.” Kimya akainua uso. “Ningemaliza la kwanza ndipo nianze la pili. Hizi mbovu zote ni za mwanzo. Za juu ziko kwenye juzuu ya mwisho.”

“Ambayo ni nzima kama jiwe, na ni mali ya mahakama.” Mzee akarudi kwenye kibano chake. “Namba ya mkutubi iko ukutani.”

Kimya aliitazama namba ile ukutani mpaka Alhamisi asubuhi. Alifagia sakafu iliyofagiliwa. Alinoa visu vikali. Mwishowe akapiga moyo konde, akabonyeza, akiomba kimya kimya simu isipokelewe.

“Maktaba ya mahakama.” Ilikuwa sauti ya mwanamke wa makamo, sauti yenye miwani.

“Shikamoo, mama. Natoka karakana ya kujalidi.”

“Marahaba. Kuna tatizo?”

“Hapana. Ndiyo. Kuna ile juzuu ya mwisho, ile nzima. Naomba ruhusa niivunje.”

“Rudia hilo neno.”

“Niivunje, mama. Jalada tu. Nitaivalisha jipya.”

“La sasa lina kasoro gani?”

“Halina.”

“Binti, humo mna hukumu. Watu wamefungwa na kuachiwa kwa maneno yaliyomo humo. Unataka kuvunja kitu kizima cha mahakama kwa sababu gani hasa?”

Uongo ulimjia Kimya ukiwa umevaa vizuri: ukungu, mchwa, unyevu. Ungetoka kwa urahisi. Lakini alikuwa amepata ujasiri wa sentensi moja tu, na hakutaka kuutumia kwa mchwa.

“Ndani yake mna Walachuma,” alisema.

Kalamu ikasikika ikiwekwa mezani upande wa pili.

“Wale wa sindano?” mkutubi aliuliza, na miwani ilikuwa imetoka kwenye sauti yake.

“Ndiyo, mama.”

“Toleo gani?”

“Lile ambalo halikutoka.”

Kiti kilisikika kikisogezwa, mlango ukafungwa. “Sikiliza,” mkutubi alisema kwa kunong'ona. “Nilikuwa karani mpya hapa wakati ule. Nilikuwa nikisoma chini ya meza, na jaji mmoja aliyenikamata akaniambia nikimaliza nimpe. Yule binti alipanda ngazi?”

“Alipanda.”

“Na Kinyozi, je, alinyoa?”

“Nikikwambia nitakuharibia, mama.”

“Usithubutu.” Akashusha pumzi. “Juzuu moja tu, sitaki kusikia ya pili. Jalada jipya liwe tayari mezani kabla hujagusa la zamani, na mimi niwepo. Ijumaa nitazifuata mwenyewe. Dereva apumzike.”

Ijumaa mchana jalada jipya lilikuwa mezani, kitambaa cheusi, herufi za dhahabu, la kadibodi nzuri kuliko zote, ambayo Mzee Kibano aliitoa stoo kwa uso wa mtu anayetoa jino. Mkutubi akafika na koti la ofisini na viatu vya kuchuchumia. Aliingia kama mkaguzi. Alipoliona karai akavua koti, akakunja mikono ya blauzi.

Kimya alivunja jalada la mbele. Walisimama watatu wameinama juu ya maji kama watu wanaotazama kisimani. Tabaka la kwanza likaachia: tangazo la dawa ya meno. La pili: nusu ya chini. La tatu: nusu ya chini. La nne likapasuka, na hata vipande vyake vilikuwa vya nusu ya chini.

“Alibakiza nyingi, mjinga yule,” Mzee alimlaani fundi asiyemjua.

Miwani ya mkutubi ilikuwa na matone. Kimya akalivunja jalada la nyuma. Akalilaza majini. Maji yakachukua muda wake, na huko nje mtu alikuwa akipiga honi, na mahali fulani mjini Kaka alikuwa akifunga mizigo huku akimlilia mtu aliye hai. Akaingiza mfupa chini ya pembe. Karatasi ikainuka kidogo, ikakataa, ikakubali.

Palikuwa na picha iliyosimama kichwa chini. Kurasa za nusu ya juu huchapwa zikiwa zimepinduka. Kimya alijua kabla hajaona chochote kingine.

“Ndiyo,” alisema. “Ndiyo, ndiyo, ndiyo.”

“Geuza tuone,” mkutubi alisema.

“Hapana.”

Wote wawili wakamtazama. Hata yeye alishangaa, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, na akaona lina ndugu zake. “Samahani, mama. Samahani, Mzee. Hakuna atakayeisoma kabla ya kaka yangu. Mimi mwenyewe sitaitazama. Nitaikunja nikiwa nimefumba macho, naweza.”

Na kweli aliweza. Aliikausha kati ya karatasi za kunyonya maji, akaipitishia pasi ya moto mdogo, akaikunja kwa vidole vilivyojua njia yao. Mkutubi alijitahidi kutazama dirishani. “Nimeona mguu tu,” alikiri. “Mguu mmoja. Si kosa langu, ulipita.” Kimya akachukua nusu ya chini iliyokauka tangu Jumatano, akaikunja, akapasua kingo kwa kisu, kisha akaiingiza ile mpya katikati yake, tumbo ndani ya mwili, akazishona pamoja mishono mitatu mgongoni. Kwa mara ya kwanza tangu ichapwe, Sindano ya Mwisho ilikuwa kijitabu.

Juzuu ya mahakama ikavalishwa, ikabanwa, ikasifiwa. Kisha wakapanda wote watatu kwenye gari dogo la mkutubi, Mzee Kibano akiwa amepakata sheria za nchi nzima kiti cha nyuma, Kimya mbele na kijitabu kifuani kama yai.

Nyumbani kwa Kaka hapakuwa na pa kukanyaga. Wifi alikuwa amekalia sanduku ili lifunge.

“Karibu, wifi yangu,” alisema bila kuinuka. “Kama umemletea zawadi, hapa hakuna nafasi. Labda aimeze.” Kisha akaona waliofuata nyuma. “Na hawa?”

“Mahakama,” Kimya alisema.

“Amefanya nini tena?”

Kaka akatoka chumbani na soksi mkononi. Akakiona kijitabu, uso ukafunga. “Kimya, nilikuomba.”

“Kaa chini.”

“Nimesema sitaki…”

“Kaa chini, Kaka. Uliisoma vibaya na kosa ni langu. Kaa.”

Hakuna aliyewahi kumsikia akiagiza mtu. Wifi akashuka kwenye sanduku, likafunguka, akaliacha. Kaka akaketi sakafuni, kisha, bila kuambiwa, akalala kifudifudi. Kimya akalala kando yake. Mkutubi akavuta kigoda na kuchungulia juu ya mabega yao, na Mzee Kibano akasimama nyuma yake akisema kwamba yeye habari za katuni hazimhusu, ila taa ipandishwe kidogo.

Uzi alipanda ngazi. Kaka alianza kwa sauti ya chini, ya shingo upande, lakini kufikia ukurasa wa tano alikuwa ameshapata sauti ya Kinyozi, na watoto wake wakatoka chumbani kuona baba yao ana nini. Ndani ya chombo hapakuwa na mfalme wala silaha. Palikuwa na tundu. Chombo cha Walachuma kilikuwa cha ngozi, si cha chuma, na kilikuwa kimechanika kutoka juu hadi chini. Walachuma walikuwa wakila chuma, wakikiyeyusha tumboni, wakikitema kwenye mpasuko ili kuuziba, nacho kilikuwa kikibanduka kila mara. Walikuwa wamekwama. Walikuwa wamekula dunia nzima kwa sababu hawakujua kushona.

“Hapana,” Kaka alisema. “Hapana, hapana. Ngoja.”

“Geuza,” mkutubi na watoto walisema kwa pamoja.

Uzi akaanza kushona. Uzi wa kushonea ukamwishia, akachungulia chini, akapiga kelele, na watu wa mjini wakafumua mashati, wakafumua sketi, wakafumua kila kitu wakamrushia nyuzi, mpaka ukurasa mzima umejaa raia walio na chupi tu, wanashangilia. Mzee Kibano alicheka mpaka ikabidi aketi juu ya sanduku, ambalo kwa hiyo likafunga. Kisha Kinyozi akambeba Uzi aliyelegea, mikono inaning'inia. Kaka akafunua ukurasa. Ule wa kulia akauziba kwa kiganja. Watu wanalia kando ya mkeka. Kimya akakigusa kile kiganja.

“Funua,” alimwambia.

Uzi alikuwa amefungua macho. Anatabasamu. Anauliza kama kuna chakula.

Kaka akaweka paji la uso sakafuni akabaki hivyo. Wifi akauliza kama analia au anacheka, akajibiwa kwa mkono tu. Ukurasa wa mwisho, chombo kilipaa na mvua ya chuma ikanyesha taratibu, vijiko, bawaba, kengele, na katika pembe Kinyozi ameshika wembe, anajitazama kwenye kitako cha sufuria, hajaamua.

“Haya,” mkutubi alisema, akivua miwani. “Haya.”

“Tulikosea wote wawili,” Kaka alisema alipoinuka. “Si jicho wala si aibu.” Kisha akakunja uso, akarudi ukurasa mmoja, akaenda mbele, akarudi tena. “Lakini sindano iko wapi?”

“Ameiacha kwenye mshono,” Kimya alisema.

“Kwa nini aiache? Mshonaji haachi sindano.”

“Akiichomoa mshono unafumuka.”

“Nani kasema? Kuna fundo. Ona, hapa ana fundo. Mtazame huyu Mlachuma mdogo, tangu ameingia anaikodolea macho. Kaimeza.”

“Hajaimeza.”

“Kaimeza, Kimya.”

“Kinywa chake kimefungwa kurasa zote.”

“Kimefungwa kwa sababu kaimeza.”

Walibishana mkutubi alipoaga, walibishana chakula kilipoletwa juu ya masanduku, na Wifi akasema kwamba ndege ikimwacha mtu kwa sababu ya sindano ya kuchora yeye hatafungua mlango. Kimya alikuwa akiongea mpaka mashavu yanamwuma. Mlangoni, wakati wa kuagana, alikuwa na machozi na hakuyaficha, na Kaka akamkumbatia kwa nguvu, akamwambia sikioni, “Kaimeza.”

Jumamosi asubuhi Kimya alikuwa karakanani. Alikuwa ameanza kushona nakala ya pili, kutokana na nusu ya juu nyingine iliyotoka katika jalada lile, aliyokuwa amemwahidi mkutubi. Simu ikatetemeka mezani.

“Nimekaa dirishani,” Kaka alikuwa ameandika. “Hatujapaa bado. Ukurasa wa mwisho, mtazame yule mdogo kwenye tundu la chombo. Shavu la kushoto limevimba. Nimeshinda kesi.”

Kimya akachukua lenzi, akainama juu ya karatasi. Shavu lilikuwa limevimba kweli. Akasogeza lenzi zaidi, akaona uvimbe ule ulivyopita nje ya mstari wa mchoraji, kama upitavyo wino uliozidi kwenye bamba la uchapaji. Akavuta kigoda.

“Hilo ni doa la wino, ewe fundi majokofu,” aliandika. “Na hata lingekuwa shavu, nieleze hili.” Akaendelea kuandika, akafuta, akaandika tena marefu zaidi, na Mzee Kibano alipomwita mara ya pili hakumsikia.